Ukumbi mkubwa Dodoma na soko linalosubiriwa Mpwapwa

Na Mwandishi Wetu, Mpwapwa

MJI wa Dodoma ulipata kumbi kubwa za mikutano miaka mingi kabla ya kupata serikali. Rais John Magufuli alipotangaza Julai 25, 2016 kwamba serikali yake itahamia huko, tayari mji huo ulikuwa na uzoefu wa miongo kadhaa wa kupokea maelfu ya wajumbe, kuwalaza, kuwalisha na kuwasindikiza, kisha kurudi katika utulivu wake hadi mkutano mwingine uitishwe.

Kielelezo kikubwa cha historia hiyo ni Kituo cha Mikutano cha Jakaya Kikwete, kilichojengwa na Chama Cha Mapinduzi (CCM) na kuanza kutumika Julai 2015. Kwa wilaya zinazoizunguka Dodoma, Mpwapwa ikiwamo, kituo hicho kina maana zaidi ya siasa. Kila mkutano mkubwa unahitaji nyama, mboga, karanga, vitanda, usafiri na vibarua. Wakulima na wafugaji walio umbali wa takribani kilomita 120 kutoka jijini wana kila sababu ya kutaka kujua ni kiasi gani cha mahitaji hayo kinaweza kununuliwa kwao.

Kituo cha mikutano na maonyesho ni nini?

Katika mazungumzo ya kila siku, neno ukumbi hutumika kwa kila kitu, kuanzia chumba cha sherehe za harusi hadi jengo la Bunge. Kituo cha mikutano ni kitu kipana zaidi. Huwa na ukumbi mkuu wa maelfu ya watu, vyumba vidogo vya kamati, vyumba vya wakalimani, sehemu ya waandishi wa habari, jiko, umeme wa akiba na eneo la kuegesha magari.

Upande wa maonyesho mahitaji yake ni tofauti. Hapo hutakiwa sakafu tambarare isiyo na viti vya kudumu, milango mipana ya kupitisha mitambo, umeme na maji karibu na kila banda, na njia za kuingiza na kutoa watu kutwa nzima. Mifugo ikihusika, huongezeka mazizi, malisho, huduma ya daktari wa mifugo na mahali pa kushushia wanyama.

Tofauti hiyo ni ya msingi katika kupima faida. Anayehudhuria mkutano huja kusikiliza na kupiga kura. Anayehudhuria maonyesho huja kuona, kulinganisha na kununua. Mji wenye ukumbi wa hotuba pekee hupata wageni wa siku mbili au tatu. Mji wenye vyote viwili hupata pia mikataba ya biashara, ambayo huendelea baada ya wageni kuondoka.

Aidha, pango la ukumbi si chanzo pekee cha mapato yanayotokana na kituo cha aina hiyo, na mara nyingi si kikubwa kuliko vyote. Fedha nyingi huzunguka nje ya geti: katika nyumba za kulala wageni, hoteli, teksi, bodaboda, mama lishe, wachapishaji, wapambaji na wauza vyakula sokoni.

Kutoka Kizota na Chimwaga

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA). Mpango mkuu wa kwanza wa mji ulitayarishwa mwaka 1976 na kampuni ya wataalamu kutoka Canada. Hata hivyo, wizara nyingi ziliendelea kubaki Dar es Salaam, na CDA yenyewe ilivunjwa Mei 2017 bila mpango wote wa awali kutimia.

Chama, kwa upande wake, hakikusubiri wizara. CCM iliyozaliwa Februari 5, 1977 kwa kuunganisha TANU na ASP iliifanya Dodoma kuwa mahali pa mikutano yake mikuu. Majina ya Kizota na Chimwaga yakajulikana nchi nzima kupitia redio na magazeti, hata kwa watu ambao hawajawahi kufika Dodoma. Ni katika ukumbi wa Chimwaga, Mei 2005, Jakaya Kikwete alipoteuliwa kuwa mgombea urais wa chama hicho.

Bunge nalo lilihamia Dodoma mwaka 1996. Awali lilitumia ukumbi ambao sasa unaitwa Pius Msekwa, kabla ya jengo jipya kuzinduliwa Juni 2006. Jengo hilo jipya ndilo lililotumiwa na Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, lililokuwa na wajumbe zaidi ya 600.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza, na Chimwaga ikawa sehemu yake. Vijana wakapata mahali pa kusoma, lakini chama kikabaki bila ukumbi wake mkuu. Mkutano Mkuu wa Novemba 2012 ulifanyika Kizota. Kituo kipya kilijengwa katika mazingira hayo, nacho kikaanza kazi kwa tukio zito: Mkutano Mkuu wa Julai 2015 uliomteua Dk. John Magufuli kuwa mgombea urais. Katika kura za mwisho Dk. Magufuli alipata 2,104, Balozi Amina Salum Ali 253 na Dk. Asha-Rose Migiro 59. Jumla yake ni kura 2,416, idadi inayotoa picha ya ukubwa wa umati uliokaa chini ya paa moja.

Mwaka uliofuata, Julai 23, 2016, Mkutano Mkuu Maalumu ulimchagua Dk. Magufuli kuwa Mwenyekiti wa CCM kwa kura zote 2,398. Siku mbili baadaye akatoa tamko la kuhamia Dodoma. Aprili 26, 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa Jiji.

Nani mwenye ukumbi?

Suala la umiliki wa kumbi kubwa si dogo, na Afrika Mashariki ina mifano miwili inayofaa kutazamwa.

Wa kwanza ni Nairobi. Jengo la mikutano la Kenyatta, linalojulikana kama KICC, lilianza kama mpango wa kujenga makao makuu ya chama cha KANU, kisha likapanuliwa na kufunguliwa mwaka 1973. Septemba mwaka huo Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. KANU iliendelea kulishikilia jengo hilo hadi ilipoondoka madarakani. Mwaka 2003 serikali mpya ya NARC ikalitwaa kwa hoja kwamba ni mali ya umma.

Wa pili ni Arusha. Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha (AICC) kinatumia majengo yaliyokusudiwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1967. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977 majengo yakiwa bado mapya. Badala ya kuyaacha yachakae, Tanzania iliunda AICC kama shirika la umma mwaka 1978. Majengo yake matatu yakapewa majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro.

Arusha ilichukua muda kuvuna. Agosti 1993 mji huo ulishuhudia kutiwa saini makubaliano ya amani ya Rwanda, na Agosti 2000 yale ya Burundi. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ilikuwa na makao yake AICC hadi ilipofungwa Desemba 31, 2015. Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Arusha Novemba 30, 1999, nayo ilipanga humo hadi ilipohamia katika jengo lake mwaka 2012.

Kilichoisaidia AICC ni kutotegemea mikutano pekee. Shirika hilo hupangisha ofisi na nyumba za makazi, na lina hospitali yake. Kwa njia hiyo miezi isiyo na wageni haikulazimu milango kufungwa. Umiliki wa umma nao ulirahisisha majengo hayo kupokea taasisi za kimataifa ambazo zisingependa kuonekana zimepanga kwa chama cha siasa cha nchi yoyote.

Kituo cha Dodoma ni mali ya chama tawala. Mmiliki wake ana haki ya kukitumia kwa shughuli zake kwanza, na pia kukikodisha kwa taasisi nyingine. Ugumu huja pale jiji linapotaka kuutangazia ulimwengu kituo ambacho ratiba yake haiko mikononi mwa jiji.

Mwezi mmoja, miji miwili

Januari 2025 ilionesha wazi mgawanyo wa kazi kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Januari 18 na 19, Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM ulikutana katika Kituo cha Jakaya Kikwete na kumpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea urais. Siku chache baadaye, Januari 27 na 28, wakuu wa nchi za Afrika walikutana kuzungumzia nishati. Mkutano huo haukufanyika makao makuu ya nchi. Ulifanyika Dar es Salaam, katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Julius Nyerere.

Kituo hicho cha Dar es Salaam kilijengwa kwa msaada wa China, na Rais Xi Jinping alihutubia humo Machi 25, 2013. Ndicho kilichopokea pia mkutano wa wakuu wa nchi za SADC Agosti 2019, wakati Dodoma ilikuwa tayari imetimiza zaidi ya mwaka mmoja tangu iwe Jiji.

Sababu zake hazina siri. Mkutano wa marais unahitaji uwanja wa ndege unaoweza kupokea ndege kubwa nyingi kwa siku moja, hoteli za hadhi ya juu za kutosha, balozi zilizo karibu na hospitali kubwa. Uwanja wa ndege wa zamani wa Dodoma umebanwa na mji. Ndiyo maana serikali iliamua kujenga uwanja mpya wa kimataifa Msalato, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa na Rais Samia Oktoba 2022.

Mfano wa kazi hiyo ikipangwa kwa pamoja uko Kigali. Kituo cha mikutano cha mji huo, chenye kuba linalowaka taa za rangi usiku, kilikamilika kwa wakati wa mkutano wa Umoja wa Afrika wa Julai 2016. Rwanda haikujenga ukumbi peke yake. Iliambatanisha hoteli, ikapanua safari za shirika lake la ndege na kurahisisha viza kwa wageni. Juni 2022 ikapokea mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola.

Dodoma ina jambo jingine la kutatua, nalo ni maji. Jiji hutegemea kwa kiasi kikubwa visima vya bonde la Makutupora, eneo la Mzakwe, katika mkoa wenye mvua haba na idadi ya watu inayoongezeka. Kila hoteli mpya na kila mkutano mpya huongeza mahitaji katika chanzo hichohicho ambacho wakazi wa kawaida wanakitegemea.

Nzuguni, upande wa maonyesho

Kama Kituo cha Jakaya Kikwete ni upande wa mikutano, viwanja vya Nzuguni ndivyo upande wa maonyesho. Hapo ndipo hufanyika Nanenane, maonyesho ya wakulima, wafugaji na wavuvi yanayofikia kilele Agosti 8, kwa Kanda ya Kati ya Dodoma na Singida. Mwaka 2024 viwanja hivyo vilikuwa mwenyeji wa maadhimisho ya kitaifa.

Katika siku hizo, mkulima wa kijijini huweza kuona mbegu mpya, zana za umwagiliaji, madume bora na mashine za kukamua mafuta katika eneo moja. Wanunuzi nao hukutana na wazalishaji bila dalali kati yao. Kasoro iliyozungumzwa mara nyingi ni kwamba siku hizo zikipita, mabanda mengi hufungwa hadi msimu mwingine, ingawa mengi yamejengwa kwa tofali na bati kwa fedha za umma.

Viwanja vya Sabasaba jijini Dar es Salaam, vilivyoko Barabara ya Kilwa, vina historia inayofanana, kwani navyo hujulikana zaidi kwa maonyesho ya kila Julai. Tofauti ni kwamba Sabasaba iko ndani ya mji wa bandari wenye wateja wa mwaka mzima. Nzuguni italazimika kuwatafuta wateja wake, na mahali pa kwanza pa kuwatafuta ni katika mikutano inayofanyika jijini humo.

Mpwapwa ina nini cha kupeleka?

Mpwapwa ilikuwa kituo cha wasafiri kabla Dodoma haijawa mji. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji ilipumzika hapo kuchukua maji na chakula kabla ya kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 akimtafuta Dk. David Livingstone. Reli ya Kati ilipojengwa na Wajerumani, ilipita Gulwe, nje ya mji wa Mpwapwa, na kufika Dodoma mwaka 1910. Biashara ikafuata reli.

Pamoja na hayo, wilaya ilibaki na utajiri wa aina yake. Wajerumani walianzisha maabara ya mifugo Mpwapwa mwaka 1905, na kazi hiyo ikaendelezwa hadi kuwa kituo cha utafiti wa mifugo kinachofanya kazi hadi sasa. Hapo ndipo alipozalishwa ng'ombe aitwaye Mpwapwa, kwa kuchanganya zebu wa asili na damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, pamoja na Boran na kiasi kidogo cha Ayrshire. Lengo lilikuwa kupata mnyama wa maziwa na nyama anayestahimili ukame. Aina hiyo ilitambuliwa rasmi mwaka 1958.

Ng'ombe huyo ni miongoni mwa aina chache zilizobuniwa Tanzania na kupewa jina la mji wa Tanzania. Mjumbe aliyetoka Kagera au Mtwara anaweza kukaa Dodoma siku tatu, akala nyama mara sita, asijue kwamba mnyama wa aina hiyo yupo.

Karanga nazo zina historia yake. Kongwa, iliyokuwa sehemu ya Mpwapwa kabla ya kuwa wilaya, ndiko Waingereza walikoanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951 ukiwa umeshindwa. Mashine zao hazikuuweza udongo mgumu, na mvua haikufuata mahesabu ya London. Wakulima wadogo wa eneo hilo, waliolima kwa jembe na kwa kuujua msimu, waliendelea kuvuna karanga baada ya wataalamu hao kuondoka.

Mfano unaofundisha zaidi ni ule wa Winza. Mwishoni mwa 2007 rubi za ubora wa juu zilipatikana katika kijiji hicho cha Wilaya ya Mpwapwa. Wachimbaji wadogo walimiminika, na wanunuzi wa mawe wakafika kutoka Asia. Majira ya kuchipua ya 2008, rubi za Winza zilikuwa gumzo katika maonyesho makubwa ya vito na saa ya Basel, Uswisi. Jiwe lililochimbwa Mpwapwa lilipata jina lake katika ukumbi wa maonyesho wa Ulaya, miezi michache tu baada ya kutoka ardhini, wakati mkoani Dodoma hapakuwa na mahali pa kulionesha kwa wanunuzi wa hadhi hiyo.

Hatua ya kurekebisha hali hiyo ilianza mwaka 2019, serikali ilipoanzisha masoko ya madini mikoani, la kwanza likifunguliwa Geita mwezi Machi. Masoko hayo yamempa mchimbaji mdogo mahali pa kuuzia kwa bei inayojulikana. Soko, hata hivyo, humhudumia mnunuzi ambaye tayari amefika. Maonyesho ndiyo humleta mnunuzi ambaye hajawahi kusikia jina la Winza.

Njia imefupishwa

Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza safari Julai 25, 2024 na kuzinduliwa rasmi Agosti 1 mwaka huo. Gulwe ni miongoni mwa stesheni za reli hiyo. Kwa barabara, msafiri hutoka Dodoma kwa barabara kuu ya Morogoro hadi Mbande, kisha hukata kupitia Kongwa. Njia hizo mbili zimeiweka Mpwapwa karibu na jiji kuliko wakati wowote uliopita.

Ukaribu peke yake hautoshi. Mzabuni wa chakula wa mkutano wa watu 2,000 hanunui mbuzi mmoja mmoja mnadani. Hutaka muuzaji anayeweza kutoa idadi kubwa kwa siku moja, nyama ikiwa imekaguliwa, bei ikiwa imeandikwa na risiti ikiwapo. Mfugaji mmoja hawezi; ushirika unaweza. Hali ni hiyohiyo kwa karanga, ambazo zinahitaji kukaushwa vizuri na kupimwa sumukuvu kabla ya kukubaliwa na hoteli yoyote inayojali afya ya wageni wake.

Kwa hiyo, kazi iliyopo imegawanyika. Jiji lina wajibu wa kuunganisha ratiba ya kumbi na ile ya viwanja vya Nzuguni, ili wageni wa mkutano mkubwa wakute mabanda yakiwa wazi na mifugo ikiwa zizini. Wamiliki wa kumbi wana nafasi ya kuweka katika mikataba ya zabuni sharti la kununua sehemu ya chakula kutoka wilaya za mkoa. Halmashauri ya Mpwapwa, kwa upande wake, inaweza kutayarisha orodha ya vikundi vinavyozalisha, kiasi wanachoweza kutoa na mwezi wanaoweza kukitoa, na kuipeleka kwa wazabuni kabla mkutano haujatangazwa.

Mikutano Mikuu ya vyama hufuata kalenda inayojulikana, vikao vya Bunge la Bajeti huanza kila Aprili, na Nanenane hufikia kilele kila Agosti 8. Dume anayepaswa kuwa tayari Agosti hunenepeshwa kuanzia miezi kadhaa kabla, na karanga za Agosti ni zile zilizopandwa mvua za mwisho wa mwaka uliotangulia. Vikundi vya Mpwapwa vinavyotaka kuuza katika msimu ujao wa mikutano vinapaswa kuwa vimeanza hesabu zao sasa.